Kicheki cha Bi Tena

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Tena, na jina hilo alipachikwa na watoto wa darasa la kwanza, wale aliowafundisha kusoma tangu akiwa msichana mwembamba mpaka alipostaafu na miwani ya kuning'inia shingoni. Mtoto akisoma mstari akakwama, alimwambia, "Tena." Mtoto akisoma mstari bila kukwama, alimwambia vilevile, "Tena." Mwenyewe alijua wanamwitaje na hakuchukia. Wanaume wenye ndevu walikuwa wakimkuta sokoni, wanainama kidogo na kusema, "Shikamoo, Bi Tena," naye anaitikia marahaba kana kwamba ndilo jina alilopewa na baba yake.

Alikuwa na msimamo wake wa kikazi, na kwa msimamo huo aligombana na wakaguzi wengi. Yeye alisema kusoma ni sauti. Mtoto azishike silabi, aziunganishe, atamke. Maana itamfuata baadaye. Wakaguzi walitaka maana kwanza. Aliwasikiliza kwa adabu, akawakaribisha chai, na wakishatoka tu getini alirudi ubaoni kuandika ba, be, bi, bo, bu. Kwa ubishi mama yule hakuwa na mpinzani.

Alizaa mtoto mmoja tu, msichana, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Msichana alifaulu, akaenda kusoma katika nchi ya Wacheki, akajifunza lugha yao ukubwani, akapata kazi, akaolewa hukohuko na dereva wa malori ya masafa marefu, akazaa binti. Bi Tena alimjua mjukuu wake kupitia kioo cha simu. Halafu bintiye akaugua, na ugonjwa wenyewe haukuchukua muda kumaliza ulichokuja kufanya. Alizikwa kule, mama yake bado anahangaika na foleni ya viza. Tusiseme mengi hapo. Mama ambaye hakumzika mwanawe huendelea kumsubiri, na Bi Tena alikuwa akisubiri. Simu ikilia, anaruka.

Simu iliyokuja ilikuwa ya mkwe. Na baada ya simu akaja mwenyewe, mrefu kama mlango, amemshika mkono msichana wa miaka sita mwenye begi lenye masikio ya sungura. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni magoti yakiwa karibu na kidevu. Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "mama", na vyote viwili alivitumia sana siku ile. Mengine ilibidi aitwe Fundi Mitambo, jirani, ambaye ujanani alipelekwa kwa Wacheki kujifunza kutengeneza mashine za kufuma, akarudi na koti zito asilolihitaji na lugha iliyojaa nati na grisi.

"Anasema," Fundi Mitambo alitafsiri, "kazi yake ni barabarani, na mtoto analala kwa majirani. Anasema hawezi. Anatafuta kazi ya kumrudisha nyumbani kila jioni. Akiipata, atakuja."

"Aje tu, hapa ni kwake," alisema Bi Tena.

Mkwe aliongea tena, taratibu, akitazama sakafu.

"Anasema, akija akakuta yeye na mtoto bado wanaelewana, wataondoka wote. Akikuta mtoto kashahamia kwenu moja kwa moja, lugha na moyo, hatamng'oa. Anasema mtoto ameshang'olewa mara moja, inatosha."

Bi Tena aliitikia kwa kichwa. Lakini neno lile alilishika, na mdogo wake, mshonaji, aliyekuwa ameketi na cherehani yake barazani huku masikio yote yako sebuleni, naye alilishika.

Mkwe akaondoka. Mtoto hakulia. Hakusema neno pia, si siku ile, si wiki ile. Alikula, alioga, alivaa, na ukimwambia jambo kwa ishara alilifanya, ila mdomo aliufunga. Mshonaji, ambaye hawezi kukaa na mtu bila kumtania, alimwita Kimya. "Kimya, njoo unishikie kitambaa. Kimya, leo umeongea sana, punguza." Mtoto alikuja na kushika kitambaa. Baba yake akipiga simu alimtazama kwenye kioo kama mtu anayetazama mvua, kisha akaondoka, na dereva wa watu akabaki anaongea na ukuta wa nyumba ya mama mkwe.

Jioni moja, ametoka kuoga, Kimya alifungua lile begi la sungura, akatoa kitabu cha picha kilicholegea mgongo, akamwekea bibi yake mapajani. Akapanda kitandani akakaa, anasubiri.

Bi Tena alivaa miwani. Alikuta kalunguyeye mdogo, miiba mgongoni, amebeba taa, na chini yake maandishi. Herufi alizijua, lakini zilikuwa zimevikwa vitu: nyingine kofia zilizopinduka, nyingine vistari kichwani, nyingine vipete. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma alikitazama kile kitabu akajiona yuko darasa la kwanza, dawati la nyuma, na kaptula haina kifungo. Alijaribu mstari mmoja. Mtoto alimtazama, akakichukua kitabu chake taratibu, akalala akiwa amekikumbatia. Bi Tena hakupata usingizi kwa aibu na kwa huruma, na aibu ndiyo ilikuwa ndogo.

Kesho yake alikuwa kwenye karakana ya Fundi Mitambo kabla mwenyewe hajafungua kufuli.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini, Mwalimu?"

"Kusoma Kicheki."

Fundi aliangua kicheko mpaka akaegemea pipa, kisha akaona uso wa mwanamke haucheki, akafuta mikono. Basi wakaanza. Alimwonyesha kwamba c yenye kofia ni ch yetu, na s yenye kofia ni sh yetu, na j yao ni y. Kwamba kistari kichwani kinasema vuta sauti. Bi Tena alifurahi kugundua kwamba Wacheki, kwa mambo yao yote, ni watu wa kuaminika katika uandishi: kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Ba ni ba. Herufi moja tu ilimtoa jasho, r yenye kofia, ambayo ulimi unatakiwa utetemeke na kupuliza kwa wakati mmoja. Alikuwa akiifanyia mazoezi jikoni, na mshonaji akauliza kama kuna nyuki ndani ya sufuria.

Kwenye maana ndiko walikokwama. Fundi alijua beringi, mkanda, mafuta, hatari, usiguse, na matusi yote ya zamu ya usiku. Hakujua maneno ya kitoto.

"Na hili?"

"Silijui."

"Na hili? Fundi, umekaa kule miaka mingapi?"

"Mwalimu, mimi nilifundishwa mashine. Hakuna aliyenifundisha kalunguyeye."

Basi akawa anasoma bila kuelewa. Wakaguzi wangemwona wangevunjika mbavu. Jioni aliketi kitandani, mtoto ubavuni, akasoma silabi kwa silabi, bila kujua kama yule mnyama mwenye taa anaagana na mtu au anaomba chumvi. Kimya alisikiliza. Siku ya r yenye kofia, Bi Tena alijitutumua akaitoa, ikatoka na mate, na mtoto akacheka. Kicheko cha kwanza. Mshonaji alikisikia akaacha mguu juu ya cherehani. Kisha mtoto akaweka kidole juu ya ukurasa na kusema neno moja: "Ještě."

Asubuhi Bi Tena alilibeba neno hilo hadi karakana kama yai.

"Hilo nalijua!" Fundi alipiga paja. "Glasi ikiisha tulikuwa tunalisema hilo. Ongeza. Yaani bado, tena."

Bi Tena alirudi nyumbani akiwa hagusi ardhi.

Kuanzia hapo ulimi wa mtoto ulifunguka, na kwa lugha zote mbili. Kiswahili alikiokota barazani kwa mshonaji, pamoja na utani na maneno ambayo bibi yake alilazimika kuyafuta. Kicheki kikabaki cha jioni. Akajifunza kusoma mwenyewe kutoka mapajani mwa Bi Tena, kwa njia ya Bi Tena, silabi kwa silabi, "tena" kwa "tena". Siku moja Fundi Mitambo alikuja kumsalimia, akachukua kitabu kwa mbwembwe akasoma ukurasa mzima kama wenyewe wanavyosoma, akikandamiza kila neno mwanzoni. Kimya aliziba masikio. Akamnyang'anya kitabu akampa bibi yake. Fundi aliona haya, na Bi Tena, tuseme ukweli, alivimba kichwa. Alidhani ni mapenzi kwake.

Mshonaji ndiye aliyelitoa lile jambo hadharani. Walikuwa wanachambua mchele.

"Dada, nikuulize. Unajua unachokifanya?"

"Kipi?"

"Unamsomesha mtoto ili achukuliwe. Yule bwana alisema wazi, akikuta hawaelewani atamwacha. Sasa wewe kila jioni unafanya nini? Unamfungia mzigo."

"Ni kitabu tu."

"Kitabu tu! Kiache. Usimkataze, usimgombeze, wewe sema macho yanauma. Mtoto husahau upesi. Mwaka hauishi, atakuwa wako."

Bi Tena alipeperusha makapi. Lakini jioni ile alisema macho yanauma. Na jioni iliyofuata. Kitabu alikipandisha juu ya kabati, nyuma ya sanduku, mahali ambapo hata yeye alihitaji kiti. Msimlaumu. Alikwishampoteza mmoja kwa nchi ile, na huyu alikuwa analala amemshika kidole.

Kimya aliuliza mara kadhaa, kisha akaacha kuuliza. Akawa wa barazani kutwa nzima, Kiswahili kimenyooka, anawatania wateja wa mshonaji kuhusu viuno vyao. Simu za baba yake zikawa fupi. Yeye alisema jambo, mtoto akasema "asante", lile la Kiswahili, wote wawili wakacheka kidogo na kuishiwa. Bi Tena alikaa pembeni akiona mambo yanakwenda kama mdogo wake alivyosema. Alipaswa kufurahi. Badala yake kila alipopita kabatini alitazama pembeni.

Siku hiyo mtoto alikuwa sakafuni anachora. Alichora kalunguyeye, akachora taa, akamwonyesha bibi. Akataka kuitaja ile taa kwa neno la kwenye kitabu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena, akatazama dari, akatazama mchoro, na Bi Tena akaona uso ule mdogo unabadilika.

"Bibi, sijui," alisema. "Mama alikuwa anasema. Mimi sijui tena mama alikuwa anasemaje."

Akalia. Hakuwa amelia tangu afike. Hakulia kama mtoto aliyeanguka. Alilia kama mtu mzima, kimyakimya, mkono mdomoni. Bi Tena hakungoja. Alivuta kiti, akapanda kwa magoti yake yale yenye maumivu, akaangusha sanduku, akakishusha kitabu na vumbi lake. Wakasoma mchana kweupe, kutoka jalada hadi jalada, na mtoto aliposema "Ještě" wakaanza upya. Barazani cherehani ilisimama, mshonaji akavuta pumzi, akaendelea kushona. Kwa wakati ule hakulizungumzia tena jambo hilo. Alijua dada yake ameshaamua, na alijua ameamua nini.

Mkwe alikuja bila kukawia sana. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha basi la mjini, gari linaloingia gereji jioni na dereva anarudi kwake. Alikuwa amenyoa ndevu. Aliketi kwenye kiti kilekile, Fundi Mitambo kando, akanyoosha mikono na kumwita binti yake. Binti akajificha nyuma ya gauni la bibi.

Mkwe alisema jambo. Mtoto kimya. Alisema jingine, kwa upole zaidi. Kimya. Na hapo, Mungu amsamehe, Bi Tena alifurahi. Moyo ulimruka kabisa. Alijisemea: nimefanya yote niliyopaswa kufanya, na bado anabaki.

Kisha mtoto akatoka nyuma ya gauni, akaenda chumbani, akarudi na kitabu. Hakumpa mtu. Aliketi mkekani, miguu ya baba yake ikiwa mbele yake, akafungua na kuanza kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri. Ile r ilitoka safi, bila mate.

Yule bwana alisikiliza sentensi mbili, akaziba uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yakaanza kutikisika. Fundi alimgusa goti, wakanong'onezana, na Fundi naye akatoa leso.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Tena.

"Ngoja kwanza, Mwalimu."

"Fundi, anasemaje?"

"Anasema mtoto anasoma kama marehemu." Fundi alikunja leso. "Kule kwao neno wanalikandamiza mwanzoni. Marehemu aliijua lugha yao yote, lakini hilo lilimshinda. Alilikandamiza kuelekea mwishoni, kama sisi. Walikuwa wanataniana kwa hilo mpaka hospitalini. Anasema hakutegemea kuisikia sauti hiyo tena duniani."

Bi Tena aliweka mkono ukutani. Sasa alielewa kwa nini mtoto aliziba masikio siku ile Fundi aliposoma kama wenyewe. Jioni zote zile mtoto alikuwa amelala ubavuni pake akimsikiliza mama yake. Na yeye, aliyekuwa akimsubiri binti huyo kila simu ikilia, alikuwa naye mdomoni muda wote na hakujua. Alikwenda jikoni. Alifungua bomba ili maji yapige kelele, akamlilia mwanawe kwa sauti, kwa mara ya kwanza kama mtu anayelia msibani.

Aliporudi, mtoto alikuwa mapajani kwa baba yake, wanaongea. Hakuhitaji Fundi amwambie wamefikia wapi. Ahadi ilikuwa ahadi, na ilikuwa imesemwa sebuleni humohumo.

"Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe," mshonaji alimwambia walipokuwa wanakunja nguo za mtoto, naye analia huku anapiga pasi.

"Najua."

"Ungekiacha kule juu."

"Najua, mdogo wangu. Pitisha pasi hapo kwenye kola."

Katika begi aliweka vitabu vyake vya darasa la kwanza, vya Kiswahili, vilivyobaki kabatini tangu astaafu. Alimwonyesha mkwe, akafungua ukurasa wa mwanzo, akapitisha kidole chini ya silabi. Mkwe alisema "asante, mama".

Mwanzoni simu zilikuwa sherehe. Kimya alimwaga maneno bila kupumua, akamwita mshonaji majina ya utani, akaeleza theluji kwa Kiswahili na kukosa pa kuanzia. Kisha maneno yakaanza kuja kwa kusuasua. Aliingiza moja la Kicheki, halafu mawili, halafu Kiswahili ndicho kikawa kinaingizwa. Mshonaji aliuliza, "Kimya, umekula?" na mtoto akajibu kwa sentensi ndefu, nzuri, ambayo hakuna aliyeielewa barazani. Bi Tena aliyeweza kusoma ukurasa wowote wa Kicheki bila kukwama alikaa mbele ya simu akiokota neno hapa na neno pale.

Siku moja alimwita Fundi Mitambo aje akae naye, akaomba aongee na mkwe.

"Mwambie vile vitabu amsomee. Mwambie kila herufi inatamkwa, kama kwao. Mwambie si lazima aelewe. Mimi sikuelewa. Akae naye tu jioni, asome, mtoto atamrekebisha."

Fundi alitafsiri, kwa makini, na mara hii hakukosa neno hata moja. Mkwe alisikiliza. Alikuwa na sare ya kazi, kola imefunguliwa, na nyuma yake sufuria lilikuwa linatoa mvuke. Alimtazama mama mkwe wake kwa heshima yote akasema, "Ano, ano."

Bi Tena alikuwa ameambiwa ndiyo na wazazi wengi mlangoni mwa darasa. Aliwaomba wakae na mtoto jioni wamsikilize anavyosoma, nao walisema ndiyo, na walikuwa watu wema, na alijua tangu hapo nani ataketi na nani hataketi. Mkwe aliendelea kueleza kitu, mkono mmoja unazungusha mwiko.

"Anasema—" Fundi alianza.

"Usinitafsirie," alisema Bi Tena. "Hiyo nimeielewa mwenyewe."

Mtoto alikimbia akaingia kwenye kioo, meno ya mbele yameng'oka, akapunga mkono. "Ahoj, babi!" alimsalimia bibi yake, akangoja. Mshonaji alimjibu kwa Kiswahili, na mtoto akatabasamu tu, kama mtu anayesalimiwa na mgeni. Basi Bi Tena akavaa miwani, ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma, akamuaga mjukuu wake kwa Kicheki, maana ndiyo lugha iliyobaki kati yao.